Shibiri Moja Mezani

Tumu mwanangu,

Magharibi hii ulipokuwa ukikunja nguo uliniambia, bila kuinua kichwa, "Mama, kesho kabla sijaondoka twende kwa baba." Nikasema tutaona. Bibi yako akakohoa kule jikoni, kile kikohozi chake ambacho si cha kifua. Wewe ukaendelea kukunja. Tangu hapo nimejaribu kukujibu kwa mdomo, na kila nikifika mlangoni kwako narudi. Basi nakuandikia.

Habari za kufua na kula na kutolala na simu chini ya mto, bibi yako amekwisha kukuambia. Kazi unayokwenda kuifanya Nairobi unaijua kuliko nilivyoijua mimi nilipoanza. Ninalotaka kusema ni juu ya kaburi la baba yako, na kwa nini miaka yote hii unakwenda wewe na bibi yako, nami nabaki hapa nikijifanya naosha vyombo.

Mambo yenyewe unayajua. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ulisimama mlangoni ukasikia kila neno. Ila uliyasikia kama nilivyoyasema siku ile, na siku ile niliyasema vibaya.

Nikuanzie kwa baba yako. Nilikuzaa nikiwa na umri wako wa sasa, na Hamisi ndiye aliyenirudisha shule. Watu wa Kikoneni walimcheka wazi wazi. "Unamsomesha mke ili akukimbie?" Akawajibu, "Akinikimbia, angalau atajua anakokwenda." Nikafika mpaka chuo kikuu, nikajifunza kuchora majengo. Mwaka wa pili alikwenda Diani kutengeneza umeme wa hoteli moja iliyokuwa imefungwa, mtu akawasha swichi baba yako akiwa bado ameshika waya. Alizikwa siku ile ile kabla ya alasiri, kama ilivyo desturi yetu. Mimi nilifika usiku. Nilimkuta ni tuta la udongo mbichi kando ya nyumba, ubavuni mwa babu yako, na vijiwe vimepangwa juu. Hapakuwa na jina, kwa sababu kwetu kaburi haliandikwi.

Kwa hiyo mimi sikumzika. Naomba ukumbuke hilo unaposoma yanayofuata, maana naamini ndiko yalikotokea.

Nilipomaliza chuo hakuna aliyetaka nimchoree jengo. Aliyenichukua ni Njoroge, pale Ukunda, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Unaikumbuka ile karakana kabla haijapakwa rangi, joto la mabati, harufu ya gundi na ya vumbi la mbao. Tulitengeneza mandhari za filamu: kuta zisizo na nyumba nyuma yake, gereza la plaiwudi, na miji midogo ya kuwekwa mezani ambayo kamera ikiipiga kwa karibu hujui kwamba nyumba inakufika kwenye kifundo cha mkono. Ulikuwa ukija baada ya shule, unakaa chini ya meza ya Katana fundi seremala, unapaka bati dogo majani ya chai na siki mpaka lishike kutu. Katana alikuwa akikuonea fahari. "Huyu mtoto akizeesha kitu, kesho yake kinaomba pensheni." Nilikuwa nikicheka kwa roho safi siku hizo. Nadhani hujaniona nikicheka hivyo tena.

Halafu ikaja ile filamu ya zamani. Walitaka mji wa watu wa pwani yetu hii, yaani nyumba chache za ukoo, kabla ya mabati na nguzo za umeme, na walitaka uungue. Mji wa kweli hauchomwi, ndiyo sababu huitwa watu kama sisi. Mwongozaji akauliza kama kuna mtu anayejua mji kama huo, wa kweli, wenye sura yake. Wakatazamana. Mimi nikasema najua mmoja.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilitoa nyumbani kwa baba yako kwa mkono wangu mwenyewe, na nilifurahi kutoa. Jumamosi nyingi nilikuja kule nyumbani kwake na futi nikapima kila kitu: nyumba, banda la kuku, kisima, mti wa mkanju, hatua kati ya mlango na makaburi. Bibi yako aliniuliza, "Unapima, kwani tunauza?" Nikamwambia ni kazi tu. Lakini haikuwa kazi tu. Nilipopima lile tuta kutoka kichwani hadi miguuni, nilihisi kwamba hatimaye kuna jambo nimemfanyia. Wengine walimwosha, wakamvika sanda, wakambeba. Mimi nilimpima.

Nikaujenga ule mji mezani, kila kitu kikiwa kidogo mara ishirini na tano. Makuti niliyafuma kwa nyuzi za katani. Makaburi yote mawili niliyapanga kwa vijiwe nilivyookota pale pale. Siku ya kamera, mwongozaji akataka kupita juu ya paa aone mlango na makaburi kwa pamoja, na haikuwezekana, makaburi yalikuwa chini mno, kule karibu na mkanju. Njoroge akanijia. "Mama Tumu, si usogeze tu hizo makaburi kidogo, hapo kwa kisima? Kamera haioni."

"Hayako hapo," nikasema.

"Najua hayako hapo. Lakini nani ataenda kupima?"

Katana akaleta kisu cha kubandulia. "Wakiamka tutawaambia ni amri ya mkubwa." Tukacheka sote. Nikabandua, nikasogeza juu karibu na kisima, nikapaka gundi, nikamwaga vumbi la mbao la kijani juu ya pale palipobaki wazi. Ilikuwa ni shibiri moja ya mkono wangu. Picha ikatoka nzuri mno. Ziliungua nyumba nyingine zote, yetu mwongozaji akaamua ibaki.

Tumu, kusogeza si dhambi. Kazi yote tunayoifanya ni kusogeza. Mti ukiziba dirisha unausogeza, ukuta ukiwa mfupi unaurefusha, na ukianza kulia kwa kila mti utafukuzwa kabla ya mwezi kwisha. Lilikuwa jambo la dakika chache, na mchana ule ule nilikwishaanza kazi nyingine.

Lakini ule mji ulibaki karakanani, kwa kuwa walisema huenda wakarudi kupiga tena. Mwaka mzima ulikuwa pembeni ya meza yangu. Nilikula chakula cha mchana nikiutazama. Nikichoka niliegemeza kichwa nikatazama mlango, kisima, makaburi. Huku Kikoneni nilikuwa nikija mara chache, nachelewa, naondoka mapema, na nikija naona aibu kukaa sana upande ule wa makaburi mbele ya watu. Kwa hiyo nilimzuru mezani. Wewe ulikuwa ukinikuta hivyo na kuniuliza, "Mama, unaumwa?"

Ndipo ukoo ukakubaliana na watu wa machimbo ya mawe. Sitasema nani alikosea, wazee walikuwa na shida zao. Sharti lilikuwa makaburi yahamishwe kwanza kwa heshima, yapelekwe mavani, kwenye makaburi ya watu wote karibu na msikiti. Mashine ikatangulia. Dereva alisema aliambiwa asafishe, akasafisha. Tulipofika ilikuwa ni ardhi nyekundu tupu, sawa kama sakafu, miti imerundikwa upande mmoja na nyumba upande mwingine. Kilichobaki mahali pake ni kisima, kwa sababu kilijengewa saruji. Watu wa machimbo wakatupatia siku moja ya kuchimba.

Ami yako Rashidi alizunguka, akasimama, akazunguka tena. "Mimi nahisi ni huku chini, huku kwa mkanju."

"Mkanju ulikuwa wapi, shemeji?" nikamuuliza.

Akaonyesha kwa mkono, mkono wenyewe ukayumba. "Hapa. Au hapa."

Kisha akanigeukia mwenyewe. "Shemeji, wewe si ulipima? Si una ule mji wenu?"

Kwetu mwanamke hafuati jeneza wala hasimami kaburini wakati wa kuchimba, lakini siku ile waliniita, na nilikwenda futi ikiwa kiunoni kama fundi. Njoroge aliupima ule mji pale mezani akanitumia picha na vipimo, maana karatasi zangu za kwanza zilikwisha kupotea. Nikaanzia kisimani, nikavuta futi, nikasimama nikasema ni hapa. Sikusitasita hata kidogo. Ningekuwa na shaka ningesema. Nilifumba macho nikayaona makaburi yalipokuwa, kisima kiko pale, mlango uko pale, na nilikuwa nikiona meza.

Wakachimba mpaka jua likawa utosini. Hapakuwa na kitu. Rashidi akashuka mwenyewe shimoni akapapasa kwa mikono. "Hata mfupa?" akauliza, kama kwamba sisi tuliokuwa juu tumeuficha. Dereva wa mashine alikuwa ameegemea gurudumu akitutazama. Imamu akajipangusa uso, akasema miaka ni mingi, ardhi hula chake, chukueni udongo na Mwenyezi Mungu anajua. Sidhani aliamini. Nadhani alituonea huruma. Wakafunga udongo katika sanda mbili, wanaume wakazibeba kwenda mavani, mimi nikarudi kwa wanawake nyumbani kwa Rashidi, alikohamia bibi yako. Nilijisikia vizuri, Tumu. Nilijisikia kwamba safari hii nilikuwepo.

Siku ya tatu ilikuwa hitima, kisomo cha kuwaombea. Nilikwenda Ukunda kuazima turubai la kukalia wageni, nalo lilikuwa limesukumwa chini ya ule mji. Nilipolivuta, ubao ukatikisika, yale majani ya vumbi la mbao yakabanduka kipande. Chini yake pakang'aa. Gundi kavu hung'aa, unajua. Vidoa viwili vilivyolala pamoja, kule chini, karibu na mkanju.

Niliweka kiganja. Kidole gumba juu ya makaburi, cha mwisho juu ya gundi. Juu ya ardhi hiyo ni zaidi ya urefu wa chumba hiki ninachoandikia.

Nilimpigia Rashidi nikiwa bado nimeinama. Tulifika machimboni kabla ya adhuhuri. Mashine ilikuwa imekwisha kushuka chini kuliko kimo cha mtu, kuanzia kisimani mpaka zaidi ya pale palipokuwa na mkanju. Kisima chenyewe hakikuwepo. Tulikaa ukingoni. Rashidi akasema, "Shemeji, funika. Mama asijue. Atatufia."

Sikufunika. Hilo nilidhani ndilo jambo jema nililolifanya, na ndilo ninalotaka ulione lilivyokuwa. Wageni walipoondoka nilimwendea bibi yako akiwa anachambua mchele uliosalia, nikasimama mbele yake, nikamweleza kwa vipimo. Nilieleza kamera ilivyosimama, nikaeleza mara ishirini na tano maana yake nini. Niliomba hata kalamu nimchoree. Sikutoa chozi, maana niliona nikilia nitakuwa naomba kusamehewa.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mama Tumu, hesabu hizo nizipike?"

Akauweka ungo chini.

"Wako wapi?"

"Sijui, mama."

"Umesomea nini basi?"

Wewe ulikuwa mlangoni. Ijumaa iliyofuata nilikukuta umevaa, umeshika kichupa cha marashi, unamsubiri bibi yako mwende mavani. Nami nikakuambia lile neno. Nilikuambia, "Pale hakuna kitu. Mnaombea udongo."

Wewe ukanijibu, "Basi nionyeshe alipo, niende huko."

Miaka sita imepita na sijakujibu. Sasa nakujibu. Nilimtafuta. Hukujua, hata bibi yako hakujua, nilisema nakwenda kazini. Niliwafuata madereva wa malori mmoja mmoja nikiwauliza ule udongo wa juu waliupeleka wapi. Mmoja alicheka. "Dada, udongo ni udongo. Tunamwaga wanapotaka." Mwingine alikumbuka. Sehemu ilikwenda Ukunda, chini ya maduka yale mapya ya barabarani. Sehemu ilikwenda Waa kuinua ua wa mtu uliokuwa ukijaa maji.

Nilikwenda Waa. Niliuona ule ua. Udongo mwekundu umeshindiliwa vizuri, kamba ya nguo, vitoto vinaruka kamba. Mama mwenye nyumba akatoka. "Karibu. Unamtafuta nani?"

Nikasema nimepotea njia.

"Jua kali hili, keti kwanza unywe maji." Akanitolea kigoda. Nikanywa maji nimeketi pale, miguu yangu juu ya ule udongo, na nilijaribu kusoma Fatiha moyoni nikashindwa, kwa sababu nilijiuliza kama ni hapa au ni Ukunda, na kama ni hapa ni pembe ipi. Akili yangu ilianza kupima. Nikashukuru nikaondoka. Sikurudi tena. Baba yako hana mahali, mwanangu. Nimelibeba hilo peke yangu nikidhani nakuhifadhi nalo, na nakuandikia leo kwa sababu kesho hutakuwa tena mtoto wa nyumba hii, utakuwa mgeni wake.

Huko unakokwenda watakupenda. Una mkono mzuri kuliko wangu. Na kwa kuwa wewe ni wa pwani, siku moja mtu atasimama karibu na meza yako akuulize, kwa upole, kama huna kitu cha kwenu, kitu cha kweli. Utatamani kumpa. Hilo naweza kukuambia kwa uhakika, kwa sababu hakuna utamu kama wa kujenga unapopakumbuka. Mpe pengine popote. Mpe gereza, mpe soko, mzulie mji mzima. Kwetu usimpe. Ukishapajenga utapatazama kila siku, na kile unachokitazama kila siku hukishinda kile ulichokiacha. Tena hutaona vikibadilishana. Mimi nilisoma, nina macho, na sikuona.

Na ukisogeza kitu, sema kwa sauti, mbele ya watu, wakikucheka wakucheke. Hayo tu kuhusu kazi.

Nilikuwa nimefika hapo bibi yako akaingia. Alisimama na kikombe cha chai ya tangawizi akitazama karatasi. "Bado unaandika? Mtoto yuko chumba cha pili, unamwandikia kama yuko Omani."

Nikamwambia siwezi kuyasema.

"Ameomba mwende."

"Nimesikia, mama. Lakini hayupo pale. Wewe unajua hayupo."

Akaweka chai. Akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tuanze kuishi hapa. "Kwani nilikuambia sijui? Mwanangu na mume wangu, nisijue kwamba pale pana udongo wa mashine?" Aliishika khanga yake akaikunja ncha, akaikunjua. "Nakwenda kwa sababu nikikaa nyumba moja na wewe Ijumaa nzima bila kwenda kokote, nitakuchukia. Pale namlilia, nalia wee, nikirudi naweza kula chakula ulichopika. Sasa wewe endelea na ukweli wako. Lakini na mtoto naye ana lake, na anaondoka."

Akatoka. Hakusema nimekusamehe, na sikumngoja aseme.

Miaka sita, Tumu, nilidhani kutokwenda ndiyo adhabu yangu na ndiyo heshima yangu kwake, kwamba katika nyumba hii awepo mtu mmoja asiyejidanganya. Sasa naona ninyi hamkudanganyika hata siku moja. Mlikuwa mnakwenda kufanya kazi ngumu, na mimi nilibaki na vyombo. Na wewe ukiwa mtoto ulijua kwa nini bibi yako anakwenda, au hukujua ukaenda tu kumshika mkono, na yote mawili yananishinda.

Siahidi kwamba nitasoma dua ikapanda. Huenda nikasimama pale nikahesabu. Huenda nikaudhi. Sijui mwanamke hufanya nini mbele ya kaburi ambalo yeye ndiye aliyelifanya kuwa tupu. Lakini hutaondoka kesho ukiwa umekwenda peke yako.

Alfajiri usinigongee mlango, utanikuta barazani nimeshavaa. Usiniulize kitu njiani. Tukifika mavani tangulia wewe, nami nitakufuata nyuma. Siku ile walibeba wanaume na mimi sikwenda tena, kwa hiyo sijui ni makaburi gani, wala katika hayo mawili lake ni lipi. Utanionyesha.

Mamako.